Isaac Nabwana: Mfyatua matofali aliyeigeuza Wakaliga kuwa kiwanda cha filamu

FILAMU iliyolivumisha jina la Isaac Nabwana ulimwenguni haipo tena katika hali aliyoiunda. Nakala ya awali aliifuta mwenyewe. Hakuifuta kwa hasira wala kwa amri ya serikali, bali kwa sababu kompyuta yake ilikuwa imejaa na filamu nyingine ilikuwa ikisubiri nafasi. Kile ambacho mamilioni ya watu wamekitazama kwenye intaneti ni mabaki ya diski, yakiwa yametandazwa juu yake sauti ya msimulizi ambayo sasa haiwezi kutenganishwa na picha.

Filamu yenyewe ni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Inahusu mwanajeshi anayetumwa kuliangamiza genge la wahalifu, akakutwa amefariki, kisha ndugu yake, mtawa hodari wa kung fu, akaanza kumsaka aliyemuua. Anayesubiri jibu la swali lililo katika anwani atasubiri hadi mwisho na kuondoka bila kulipata. Lakini njiani atakuwa ameona mapigano ya mateke na bunduki, na jiji la Kampala likishambuliwa kwa mabomu kutoka angani.

Gharama ya kuitengeneza ilitajwa kwa muda mrefu kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Nabwana mwenyewe amewahi kuiteremsha hadi dola 85. Vyovyote iwavyo, katika studio kubwa za Hollywood fedha hizo zisingetosha kununulia waigizaji chai ya saa nne.

Jina lake kwa ukamilifu ni Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey, na ndiyo sababu hujitambulisha kama Nabwana I.G.G. Alizaliwa mwaka 1973, Uganda ikiwa chini ya Idi Amin, akakulia Wakaliga, mtaa wa watu maskini viungani mwa Kampala, katika miaka ambayo milio ya bunduki haikuwa jambo la sinema. Amin aliondolewa mwaka 1979, na vita vilivyofuata havikutulia hadi Yoweri Museveni alipotwaa mamlaka mwaka 1986.

Utotoni, Nabwana hakuwa mtu wa kumbi za sinema. Waliokwenda huko ni ndugu zake wakubwa. Waliporejea nyumbani walimweleza walichokiona, tukio baada ya tukio: namna Bud Spencer alivyowagonga wahuni vichwa, namna Chuck Norris alivyorusha teke. Kijana huyo alizijua filamu kwa masikio kabla ya kuzijua kwa macho. Jambo hili linaonekana dogo, lakini bila kulizingatia ni vigumu kuuelewa ufundi wake. Kwake, filamu ilikuwa kwanza hadithi inayosimuliwa na mtu aliye hai, kwa mbwembwe na chumvi, mbele ya msikilizaji anayeweza kucheka au kuuliza.

Alipokuwa mtu mzima alipata riziki kwa kufyatua matofali, kazi inayofahamika vyema hata katika mabonde ya Gusii: kuchimba udongo, kuukanda, kuutia katika kalibu, kuanika na kuchoma. Fedha za matofali ndizo zilizogharamia ndoto yake. Alijiandikisha katika kozi ya kompyuta lakini uwezo wake ulimruhusu kulipia mwezi mmoja tu. Mengine alijifundisha. Alikusanya vipuri vilivyotumika, akaunda kompyuta zake mwenyewe, na akajifunza programu za kuhariri picha kwa kujaribu, kukosea na kurudia. Alianza kwa kupiga video za wanamuziki wa mtaani.

Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions. Jina hilo aliliunganisha kutokana na majina ya nyanya zake wawili, Rachael na Monica. Makao ya kampuni yalikuwa nyumbani kwake, na mkewe, Harriet, akawa mshirika wake katika shughuli za uzalishaji. Hapakuwa na mwekezaji, benki, wala ruzuku. Baadaye mahali hapo palipata jina la Wakaliwood, kwa kuunganisha Wakaliga na Hollywood, na jina hilo ndilo linalojulikana zaidi leo.

Namna kazi ilivyofanyika inastahili kuelezwa kwa kina, kwa maana hapo ndipo upekee wa Nabwana ulipo. Waigizaji walikuwa majirani na watu waliosafiri kutoka sehemu nyingine za Uganda baada ya kusikia habari zake. Hawakulipwa mshahara. Bunduki zilitengenezwa na fundi wa kundi hilo, Dauda Bisaso, kwa vyuma chakavu na vipande vya mbao, zikafanana na za kweli kiasi cha kumtia hofu mpita njia. Risasi na moshi viliongezwa baadaye kwa kompyuta. Majengo ya Kampala yaliyoripuliwa yaliripuliwa kwa kompyuta vilevile, baada ya waigizaji kupigwa picha mbele ya kitambaa cha kijani kilichotundikwa ukutani.

Hata damu ilikuwa na historia yake. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe. Mmoja wao alipougua brusela, ugonjwa unaoambukizwa na mifugo, damu hiyo ikaachwa na mahali pake pakachukuliwa na rangi ya chakula iliyochanganywa na maji na kutiwa ndani ya kondomu, zile zinazogawiwa bure na mashirika ya afya. Kondomu hufichwa chini ya shati na kupasuliwa wakati risasi inapodaiwa kumpata mtu.

Kuhariri kulifanyika katika joto na vumbi, huku umeme ukikatika mara kwa mara. Ni hapa ambapo suala la nafasi ya kuhifadhi lilimlazimu kufanya maamuzi ambayo mwelekezi wa Ulaya au Marekani hangeyafikiria. Diski kuu mpya ilikuwa ghali kwake. Hivyo filamu ilipokamilika, ilinakiliwa kwenye DVD za kuuza, kisha picha zote zilizorekodiwa zikafutwa ili nyingine ianze. Mtu aliyefyatua matofali kwa kalibu moja huenda haoni ajabu katika hilo: tofali likishakauka hutolewa, na kalibu hutiwa udongo mwingine.

Sasa tumfikie yule msimulizi ambaye sauti yake imebaki ndani ya filamu. Mtazamaji wa Ulaya anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni mzaha uliobuniwa na Nabwana. Mkazi wa Nyaramba, katika Kaunti ya Nyamira, hatahitaji maelezo. Kwa miaka mingi vijana wa masoko ya Kenya wamejazana katika vibanda vya video kutazama filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani zikisimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro, ambaye huwapa wahusika majina mapya, huwatania, huwaonya kuhusu adui aliyejificha nyuma ya mlango, na mara nyingine hutunga kisa ambacho mwandishi wa filamu hakukiwazia. Nchini Tanzania, Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijizolea sifa kwa ufundi huohuo. Hata Wajapani, enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwa na wasimulizi wao walioitwa benshi, ambao baadhi yao walivutia watu wengi kuliko nyota wa filamu yenyewe.

Waganda huwaita wasimulizi hao VJ, na kumbi zao huitwa bibanda, neno ambalo Mswahili analitambua bila mkalimani. Katika bibanda, VJ husimulia kwa Kiganda filamu za kigeni ambazo mtazamaji haelewi lugha yake. Alichofanya Nabwana ni kumwingiza VJ katika filamu za nyumbani, ambazo lugha yake ilieleweka tangu mwanzo. Msimulizi wake, VJ Emmie, si mkalimani hata kidogo. Ni mtu aliyeketi pamoja na watazamaji, akishangilia, akikejeli, akitangaza filamu zijazo katikati ya mapigano. Nakala ya Captain Alex iliyowekwa kwenye intaneti mwaka 2015 ina sauti yake kwa Kiingereza, na ni kwa Kiingereza hicho cha Kampala ambapo watu wa mataifa mengine waliipenda.

Kwa wahakiki wengine, kelele hizo ni kasoro inayoharibu filamu. Hoja hiyo haina uzito. Nabwana mwenyewe alizijua filamu kupitia midomo ya ndugu zake. Kumwondoa msimulizi katika kazi zake ni sawa na kuondoa kiitikio katika ngoma.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa katika kuuza. Uharamia wa kazi za sanaa umewaangusha watengenezaji wengi wa filamu Afrika Mashariki, na Nabwana hakuwa na njia ya kuwashtaki walaghai. Alikimbizana nao. Filamu ilipotoka, waigizaji wenyewe waliibeba mikononi, wakatembea nyumba hadi nyumba na soko hadi soko, wengine wakiwa katika mavazi waliyoigizia. Kila mmoja alibaki na sehemu ya fedha za diski alizouza, na hayo ndiyo yalikuwa malipo yake. Kundi lilikuwa na takriban juma moja tu la kuuza kabla ya nakala za wizi kufika madukani. Baada ya hapo filamu ilihesabiwa kuwa imekwisha, na mwelekezi alikuwa tayari ana nyingine.

Mpango huu ndio uliomwezesha kutoa zaidi ya filamu 40. Ni wazi pia kwamba ndio ulioamua filamu hizo ziwe za namna gani. Mtu anayegonga mlango wa jirani akiwa na diski mkononi hawezi kuuza mawazo mazito yasiyo na mwisho. Jirani anataka kuona kama mwanawe yumo ndani ya filamu, na kama anapigana vizuri.

Umaarufu wa kimataifa ulikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Januari 2010 Nabwana aliweka kwenye YouTube kionjo cha Captain Alex, yaani kile kipande kifupi cha kuitangaza filamu. Kionjo hicho kilisambaa nje ya Uganda, kikamfikia Alan Hofmanis, Mmarekani wa New York aliyekuwa akifanya kazi katika tamasha za filamu. Mnamo Desemba 2011 Hofmanis alipanda ndege kwenda Kampala kumtafuta aliyeitengeneza. Baadaye alirejea na kuishi Wakaliga, akawa mwigizaji, mtangazaji na mshirika wa Nabwana.

Machi 2015 kundi hilo liliomba mchango wa dola 160 kupitia tovuti ya Kickstarter, kwa ajili ya filamu ya Tebaatusasula: Ebola. Lilipata zaidi ya dola 13,000. Mwaka uliofuata Bad Black ilionyeshwa katika tamasha la Fantastic Fest mjini Austin, Texas. Katika filamu hiyo Hofmanis ni daktari wa kizungu anayeporwa mali yake katika mtaa wa mabanda, kisha anafunzwa kupigana na mtoto wa mtaani. Mpango wa kawaida wa filamu za kigeni kuhusu Afrika, ambapo mzungu huja kuokoa, umepinduliwa hapo pasipo hotuba yoyote: mgeni ndiye asiyejua kitu, na mtoto ndiye mwalimu.

Mwaka 2019 filamu ya Crazy World, ambamo watoto wa Wakaliga waliofunzwa kung fu huwageukia majambazi waliowateka, iliingia katika ratiba ya usiku wa manane ya Tamasha la Filamu la Toronto, Canada. Mwaka 2021 ikatoka Once Upon a Time in Uganda, filamu ya hali halisi ya Cathryne Czubek kuhusu Nabwana na Hofmanis, ambayo haikuficha kwamba urafiki wa wawili hao ulipitia dhoruba. Mwaka 2022 kundi la Wakaliga lilialikwa Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika mjini Kassel, Ujerumani, kila baada ya miaka mitano, likapeleka huko Football Kommando.

Orodha hiyo inapendeza, lakini isimfanye msomaji asahau swali gumu: nani analipa? Jirani wa Wakaliga aliponunua diski, mwigizaji aliyeiuza alipata sehemu yake papo hapo. Shabiki wa Toronto anapotazama bure kwenye intaneti, mwigizaji huyo hapati chochote mlangoni pake. Isitoshe, biashara ya DVD imefifia kote Afrika Mashariki tangu simu zenye intaneti zienee, na pamoja nayo umepotea ule mfumo wa nyumba hadi nyumba uliomwezesha Nabwana kutomtegemea mtu. Umaarufu ulipowasili, soko lililoulea lilikuwa linaondoka.

Kwa Wakenya kuna jambo la ziada la kutafakari. Nairobi imekuwa na Riverwood yake, filamu za bei nafuu zilizouzwa kutoka barabara ya River Road, hasa kwa lugha ya Gikuyu. Hizo nazo ziliuzwa kwenye diski na kuumizwa na uharamia. Lakini Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyotungwa mwaka 1962 kabla ya uhuru, kwa miongo mingi imemtaka yeyote anayerekodi filamu ya kuonyesha hadharani au kuuza awe kwanza na leseni. Aidha, filamu ikikamilika huhitaji kupitishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu kabla haijaonyeshwa. Gharama ya vibali huenda isihisiwe na kampuni ya matangazo ya jijini. Kijana wa Nyaramba mwenye simu, rafiki watano na bunduki ya mbao yuko katika hali nyingine kabisa. Kwa mwelekezi ambaye bajeti yake yote ni dola 85, hata ada ndogo ingekuwa mzigo kabla ya kuwasha kamera.

Hakuna ushahidi kwamba Nabwana alipata kumsoma Oscar Micheaux, lakini historia ya Mmarekani huyo mweusi inamhusu kwa namna ya kushangaza. Micheaux, aliyezaliwa mwaka 1884 na kufariki mwaka 1951, alikuwa mkulima katika jimbo la South Dakota aliyeandika riwaya na kuziuza mwenyewe kwa kwenda mlango kwa mlango miongoni mwa wakulima wenzake. Kampuni moja ya filamu ilipotaka kuinunua riwaya yake bila kumruhusu kuiongoza, alikataa, akachangisha fedha kwa wasomaji wake na kuitengeneza mwenyewe mwaka 1919. Baadaye alizungusha filamu zake kwa gari, mji hadi mji, akiwashawishi wenye kumbi za Wamarekani weusi waziweke kwenye ratiba. Yeye pia alitoa filamu zaidi ya 40. Yeye pia aliendesha shughuli zake bila kutegemea studio kubwa, na wahakiki wa wakati wake walilalamikia ubora wa kazi hizo.

Filamu nyingi za Micheaux zimepotea. Within Our Gates ya mwaka 1920, inayoonyesha jinsi Wamarekani weusi walivyouawa na magenge ya wazungu, ilidhaniwa haipo tena hadi nakala moja ilipogunduliwa nchini Uhispania miaka ya 1970, ikiwa na anwani na maandishi ya Kihispania. Maktaba ya Bunge la Marekani iliikarabati, na mwaka 1993 ikaweza kutazamwa tena, maandishi yake yakiwa yamerejeshwa katika Kiingereza kwa kutafsiriwa kutoka tafsiri.

Filamu za mwanzo za Wakaliga hazikusafiri hadi Uhispania. Ziliuzwa kwa mkono, katika masoko na milango ya Kampala, kwa watu ambao hawakuandikwa katika daftari lolote. Picha zake za awali zilikwishafutwa ili kupisha kazi iliyofuata. Kama kuna nakala iliyosalia, iko ndani ya kasha la plastiki katika nyumba ya mtu aliyeinunua kwa sababu mwanawe, au mtoto wa jirani, aliuawa humo kwa risasi ya kompyuta na damu ya rangi ya chakula.